Uzi wa Nyevu

Shokamzoba mbili za mbele, mpya, ndani ya maboksi,
nilizipakata toka Mwembe Tayari kama trei ya mayai.
Fundi Mwamuye akazivisha springi zake kuukuu
kule Magongo, juu ya mchanga uliolewa oili,
akakaza bolti za goti kwa kipande cha paipu,
akasema: Sasa enda ukapige alainimenti.
Nikasema inshallah,
na inshallah yangu siku hiyo ilikuwa jina jingine la hapana.

Maana Kibarani nilipita kama juu ya godoro.
Mashimo ya Jomvu, yaliyozoea kunitukana,
yakanyamaza.
Mikate mia mbili na arubaini nyuma yangu,
haukuruka hata mmoja.
Gari limepona, nikasema, pesa ya kunyoosha ya nini?

Goti lilikuwa limepona. Matege yalibaki.

Likawa lavuta kushoto,
kidogo,
kama mtoto anayevuta buibui la mamake
bila kusema alichokiona dukani.
Nami nikalivuta kulia.
Usukani ukilala, nembo yake ikatazama saa saba,
ndiyo tukaenda sawa.
Miezi mitatu tulikwenda sawa hivyo.
Binti yangu Swafiya akauliza
mbona nasimama kama niliyebeba ndoo isiyoonekana.

Kiembeni, sarafu ya shilingi ishirini ikaniponyoka
ikabingiria chini ya bampa. Nikainama.
Tairi, kwa nje, lina nywele zake zote.
Kwa ndani kipara,
na katikati ya kipara nyuzi za chuma zimetoka kunicheka.
Nilikuwa nimeokoa elfu moja na mia tano.
Tairi mbili zikanila elfu kumi na tatu.
Rahisi ghali, wenyewe walisema,
nami nilidhani wanasema juu ya viatu.

Shimanzi stima zilikuwa zimepotea,
mashine ya miale imefunikwa shuka.
Nyevu hakuisubiri.
Akatia magurudumu pumzi kwanza, yote manne,
akaufunga usukani katikati kwa ukanda wa mpira,
akasimamisha vyuma vinne, viwili kila ubavu,
akavuta uzi wa mwashi toka nyuma hadi mbele
ukalia ting alipoudonoa.
Akapiga magoti na rula.
Mbele ya rimu, tisini na nne. Nyuma ya rimu, tisini na tisa.
Milimita tano,
punje mbili za mchele zikilala kwa ubavu.
Hizo ndizo zilizokula tairi.

Bolti za goti la kushoto akazilegeza,
akaniambia: Sukuma hapa juu. Si kwa hasira.
Kisha nati ya tairodi, iliyolia kama mlango wa choo,
nusu mzunguko, arudi kwenye uzi,
robo, arudi kwenye uzi,
kitu ambacho si hata robo,
arudi.
Jasho likamdondoka puani, akalikwepesha uzi.

Tukalijaribu kwenye barabara ya matangi ya mafuta.
Nikashika kama nilivyoshika miezi mitatu
na gari likakata kulia, mbele ya trela!
Nyevu akaudaka usukani kwa mkono mmoja.
Dereva wa trela akatutajia mama zetu.

Hujanyoosha, nikamwambia.
Gari halina kitu, akasema. Wewe ndiye wavuta.
Mimi?
Usukani uwate.
Nikafungua vidole, kimoja, halafu vingine,
kidole gumba mwisho, kikibisha.
Nembo ikakaa saa sita.
Gari likaenda zake, tuli, halimwelekei mtu,
na mikono yangu mapajani ikawa mizito, haina kazi.

Aliporudi kukunja uzi kwenye kijiti chake
nikamlipa, nikamuonyesha bega la kulia,
lililopanda juu kuliko mwenziwe.
Na hili?
Akalitazama vile alivyotazama rimu, jicho moja amelifumba.
Hilo, akasema, halina nati.