Rangi ya Ufizi

Bamvua limeondoka na maji ya ghuba ya Mikindani,
limetuachia saa nne na nusu, si zaidi.
Boti ya daktari imeegemea boriti mbili za mkoko
kama mgonjwa aliyeambiwa ageukie ukutani.

Mimi ndiye fundi. Somoe, wa mashine za boti,
niliyeonywa na shangazi kwamba grisi haitoki
kwenye kucha za bibi harusi.
Haikutoka. Harusi ilipita.

Daktari Nammole aling'oa meno Ligula miaka thelathini na mmoja.
Sasa amechuchumaa topeni, suruali kaikunja magotini,
anachungulia rafadha kwa kioo kidogo cha mpini mrefu.
"Panua," anasema. Simjibu. Anaongea na shaba.

Miezi mitano haikuwashwa,
na chombo kisichotembea huota.
Vichaza vimejenga kwenye kila panga,
vyeupe, ncha juu, viking'ang'ana kama deni la dukani.
Ukivibandua kwa pupa huacha duara jeupe la gundi,
wenzao wakipita wakaliona,
wakajua hapa palikuwa na nyumba.

Daktari anatoa mfukoni kidude chake:
"Hiki kimekwangua ukoga wa wakuu wa wilaya watatu."
"Ni chuma," namwambia. "Kitachora shaba,
na kila mchoro ni kitanda tunawatandikia."
Anakirudisha. Nampa kipande cha mninga.

Nagonga panga la kwanza kwa mpini wa bisibisi:
linalia, ngeee, kama kengele ya shule.
La pili linalia.
La tatu linasema du.

Nalisugua kwa kidole gumba.
Chini ya uchafu, ncha imekuwa ya waridi,
rangi ya ufizi wa mtoto. Inapendeza,
nao ndio ugonjwa: chumvi imenyonya ndani,
imeacha sponji yenye umbo la shaba.
Daktari hahitaji kufafanuliwa.
"Wote walinijia hivyo," anasema. "Limeshauma."

Kwenye shafti palikuwa na zinki, kubwa kama limau.
Kazi yake ni kuliwa ili shaba isiguswe.
Imebaki kokwa,
na juu ya kokwa, rangi ya buluu.
"Nani kaipaka?"
"Mimi. Ilitia aibu kuitazama."
Nashusha pumzi. Ukiipaka rangi bahari haiioni,
inageuka kutafuta chakula kingine mezani.

Anashuka na kopo la maziwa ya unga.
Ndani, zinki za zamani, kila moja na karatasi yake,
mwandiko wa kulala, wino wa kijani:
*Agosti. Imeliwa nusu. Nimemkumbusha.*
*Januari. Zaidi ya nusu. Nimemkumbusha tena.*
Ya mwisho ni ya mwaka juzi.
Siulizi. Jina liko nyuma ya boti, ANASTAZIA,
na hapo tu rangi haijachubuka.

Maji yameanza kulamba boriti.
Naosha shaba kwa maji ya kisima, naikausha kwa kanga mbovu,
naipasha kidogo kwa taa ya gesi
na kuipaka mafuta ya manyoya ya kondoo, yananuka beberu.
Babu alipaka sifa, alinuka papa
mpaka msikitini walimwachia nafasi.

Nakaza zinki mpya, uchi,
inang'aa kama shilingi ambayo haijafika sokoni.
"Kila Jumamosi uwashe, dakika kumi zatosha.
Rangi, mwiko."
"Na hili la tatu?"
"Tutaligonga tena bamvua lijalo. Tutasikia."

Ananikabidhi ile kokwa. Hana karatasi.
Nachana pembe ya mfuko wa sementi,
natoa penseli ya seremala nyuma ya sikio,
naandika tarehe, halafu nasita,
maji yako vifundoni, naye ananitazama mkono.

*Imebaki kokwa*, naandika.
*Nimemkumbusha.*