Taa ya Mkiani

Meza ilikuwa yangu, ya cherehani.
Gurudumu lilipovunjika, Eliakunda aliomba
"kona tu, mama Ndeshi, kona ndogo."
Sasa reli imeizunguka meza nzima,
imetoboa ukuta wa stoo, imetokea jikoni
juu ya debe la unga,
na mimi nashonea kitandani.

Reli zenyewe ni spoku za baiskeli,
mataruma ni njiti za kiberiti zilizochovywa oili chafu.
Kahe ni kopo la siagi. Same, boksi la dawa ya meno.
Mlima kauchora kwa chokaa na majivu,
kisha akaufunika kwa wingu la pamba, "maana,"
asema, "ukiuacha wazi siku zote
nani ataamini kuwa hapa ni Moshi?"

Lakini treni hakuna.
Njoo uhesabu: mabehewa ishirini na matatu,
yote ya gadi, yale yanayofungwa mwisho,
lenye kibaraza, lenye bomba la jiko,
la bati la dagaa, la mbao za sanduku la chai,
na moja jekundu la plastiki, lenye kijumba juu ya paa,
alilolichimbua Kiboriloni kwenye lundo la midoli ya mitumba
akabishana na muuzaji mpaka jua likageuka
kwa ajili ya mia tano.
Limetoka nchi ya theluji. Amelibatiza Kibo.

Mikia ishirini na mitatu, kichwa hakuna.
Fundi Kisamo, jirani, hucheka mpaka ashike mlango:
"Ndugu yangu, wenzako wanafuga kuku!"
Akamtuma mpwa wake atuletee injini kutoka Dar,
ya betri, inayopiga honi.
Eliakunda aliipokea kwa mikono miwili,
akashukuru,
akaiweka kabatini kati ya vikombe vya wageni.
Ipo mpaka leo. Inavuta vumbi.

Nilimuuliza mara moja tu, kwa hasira,
pini zikiwa mdomoni.
Hakuacha kupaka rangi.
Alisema baba yake alikuwa gadi, njia ya Tanga,
kwamba injini ikipita na makelele yake yote
stesheni masta haandiki kitu.
Anangoja. Mabehewa yanapita, yanapita,
anangoja ile taa nyekundu ya mkiani.
Akiiona, ndipo anaandika kitabuni: imefika.
Asipoiona, kuna watu wamebaki gizani
huko Mkomazi,
na kichwa hakina habari.

Nikazitema pini.
Nilikumbuka siku tuliyomzika mama yake, Uru,
utelezi, migomba imeinama kwa mvua,
wanaume wakigombea jeneza huko mbele.
Yeye alitembea nyuma ya wote
na tochi imewashwa mchana kweupe,
akimngoja bibi mwenye goti bovu,
akimngoja mtoto aliyenaswa kandambili kwenye tope.
Watu walimtazama. Nami, mkewe,
nilijifanya nafunga kanga.

Jana umeme ulikatika tena.
Aliunganisha nyaya zake kwenye betri ya pikipiki
na nyumba ikajaa nukta nyekundu,
mezani, stoo, juu ya unga.
Ishirini na mbili.
Namba tisa iligoma, la kopo la kahawa.
Aligonga, akapuliza, akageuza waya,
akakaa kimya kama mtu anayesikiliza mbali.

Nilipapasa kwenye kikapu changu
nikamletea kifungo chekundu cha blauzi ya zamani.
Hakitoi mwanga, nikamwambia.
Amekibandika hivyo hivyo.
Kutoka jikoni kinaonekana
ukijua pa kutazama.

Saa mbili kasorobo. Ugali uko tayari.
Ndeshi bado hajatoka tuisheni.
Geti sijafunga.