Picha ya Tatu

Jumba letu la sayansi liko nyuma ya maghala ya Kizota,
bati jekundu, na mbele yake jiwe la itale
ambalo greda lilishindwa kulisogeza,
tukaliandika umri, likawa kielelezo cha kwanza.

Mimi ndiye fundi. Mashine ya radi niliisuka mwenyewe,
mpira, mota ya kisima, mabakuli mawili ya alumini,
na ikilipuka, wanafunzi wa Chamwino hupiga mayowe hadi darini.
Nilijivunia mayowe yale
kama mtu anavyojivunia jogoo wake.

Mwaka jana, Juni, upepo ukichapa vumbi madirishani,
mtoto mmoja alilala sakafuni akaziba masikio,
akalia sauti moja ndefu, isiyopanda wala kushuka.
Nikamwambia mama yake, "Mtoto huyu hana adabu."
Hakunijibu. Alimbeba, kijana wa miaka tisa, miguu ikiburuta,
kiatu kimoja kikabaki chini ya mfano wa Mshtarii.

Kilikaa kwenye rafu yangu miezi saba.
Nikichuna nyaya, kinanitazama.
Cha mguu wa kulia, gundi imeachia,
kamba imefungwa mafundo matatu
na mkono uliojua kwamba kitavuliwa.

Akaja Bi Sechelela kuliongoza jumba.
"Tuwape Jumanne," akasema, "saa mbili hadi saa nne, kabla ya shule."
Nikauliza, "Kina nani?"
Akanyoosha kidole kwenye rafu.

Basi nikaazima kiti cha magurudumu zahanati,
nikakikalia, mimi na miguu yangu mizima,
nikakwama mlangoni, nikakwama chooni,
na darubini ikatazama mbali, juu ya utosi wangu.
Nikabomoa. Nikachanganya saruji. Mteremko wa kwanza ulikuwa mkali,
ungemrusha mtu hadi Singida.
Nikabomoa tena.
Kwenye kibao cha USIGUSE nikafuta herufi tatu za mwanzo,
E nikaigeuza A.

Bi Sechelela akapiga picha:
lango, dirisha la tiketi, mimi,
choo, chumba kidogo chenye mkeka na pazia zito, cha kukimbilia.
Zikatumwa kwenye simu za majumbani,
zitazamwe jioni baada ya jioni,
kama mpishi aonjavyo mchuzi kabla ya kupakua.

Mama yule alikuja. Alinitambua. Nami pia.
Salamu yake ilikuwa fupi, ya mtu anayehesabu chenji.
Ndahani akasimama nje ya kizingiti, akanikodolea kichwa.
"Picha ya tatu haina kofia."
Nikaivua.
Akaingia.

Mashine ya radi nilikuwa nimeifunika shuka. Akaipita.
Akaipita volkano, akaupita uti wa mgongo wa tembo,
akaketi penye sinia la mchanga mweusi wa korongoni, na sumaku.
Saa nzima na dakika arobaini.
Chembe zilisimama kama manyoya ya paka aliyeshtuka,
zikalala, zikasimama.
Nilitaka kumweleza habari za ncha mbili;
Bi Sechelela akanikanyaga mguu.

Mama aliletewa chai. Akaishika, akamtazama mwanawe, akaishika,
akainywa ingali moto.
"Sikumbuki lini," akaanza,
hakumalizia, wala sikumsaidia kumalizia.

Nikamletea kiatu, nimekitia kwenye mfuko wa zabibu.
"Nilikosa," nikasema.
Akakipima kwa kiganja.
"Hakimtoshi tena."
"Najua."
Akakitia mkobani hata hivyo.

Saa nne kasoro, basi la shule likapiga honi.
Ndahani akairudisha sumaku mahali pake,
sawasawa na umbo lake kwenye vumbi,
akaja mlangoni, akaiokota kofia yangu mezani,
akanikabidhi.
"Sasa vaa."