Kigae Namba 212

Alhamisi ya pili ya kila mwezi, saa kumi na moja jioni,
tunafungua chumba nyuma ya ghala la zamani la kahawa,
njia ya stesheni,
chumba tunachopewa kwa nusu bei kwa sababu paa linavuja.
Chama cha Elimu ya Viumbe na Mambo ya Kale, Moshi.
Wanachama kumi na tisa kwenye daftari,
saba kwenye viti.

Mimi ni katibu. Naandika kila kitu.
Naandika kwamba Kundaeli, mpimaji ardhi mstaafu,
ameleta tena habari za mifongo ya Kibosho:
urefu, mteremko, nani aliizibua, nani aliiba maji usiku,
na kwamba hakuna aliyemkatiza kwa dakika arobaini
kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa choo.
Naandika kwamba Bwana Jivraj wa duka la dawa
amefungua droo ya vipepeo akakuta unga.
Wadudu wamekula wadudu.
Zimebaki pini, kila moja na jina lake la Kilatini,
zimesimama wima, zinalinda hewa.
Aliifunga droo polepole,
kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.
Naandika mvua: milimita kumi na nne,
kwa hisani ya Mbwambo, fundi wa reli,
asiyekosa kusoma kipimamvua chake tangu sabini na nne,
hata asubuhi ile aliyomzika mkewe.
(Siku hiyo ilikuwa sifuri. Aliandika sifuri.)

Kisha Elirehema wa kidato cha tatu
akatoa gazeti mfukoni, na ndani ya gazeti, kigae.
Kimetoka kwenye shimo la choo kipya, Mbokomu.
Ukubwa wa kiganja. Upande mmoja mweusi kwa moshi.
Shingoni alama za ukucha, zimepangwa kama mshono.

Lenzi ilizunguka meza mara tatu.
Mmoja akasema miaka mia tatu. Mwingine, mia tano,
kwa sauti ya mtu anayepandisha bei mnadani.
Kundaeli akakilamba.
"Enzi ya chuma," akatamka.
Hata paa likaacha kudondosha.
Nikaandika: enzi ya chuma. Nikapigia mstari.

Ndeonasia alikuwa mlangoni na ufagio.
Si mwanachama. Hufagia ghala, hufagia na kwetu,
hutusubiri tuchoke ili afunge.
"Hicho," akasema, "nilikivunja mimi."

Akakichukua. Hakuomba lenzi.
Dole gumba lilipita juu ya mshono, likasimama
penye ukucha mmoja uliokosea, umelalia kushoto.
"Mama wa Kipare aliyetuuzia alisema,
hapa mwanangu alinivuta nguo."
Chungu cha bibi yake, cha mbege ya kipaimara cha kaka.
Alikuwa na miaka tisa.
Kwenye mgomba alitua ndege mwenye mkia mrefu kuliko mwili;
macho yakaenda, mikono ikasahau.
"Mkia rangi gani?" Jivraj akauliza, kalamu tayari.
"Kutu."
"Na siku?"
"Jumamosi, kabla ya saa sita.
Kipigo ndicho nakikumbuka zaidi."

Nilifuta enzi ya chuma. Wino ulikuwa mbichi,
ukachafua nusu ya ukurasa. Nikaandika pembeni:
Kigae 212. Mfinyanzi: mama wa Kipare, jina halikumbukwi,
mtoto akimvuta nguo.
Kimevunjwa na: Ndeonasia.
Sababu: ndege.

Katika kabati letu zima
ni hicho tu ambacho tunaijua saa yake.

Kundaeli alikaa kimya muda mrefu.
Kisha akakunjua ramani yake, akauliza, bila kumtazama usoni,
kama mfongo ulipita nyuma ya banda lile la ng'ombe.
"Ulipita," akasema Ndeonasia, akiinama juu ya karatasi,
"lakini si hapo ulipouchora."

Kundaeli akapapasa mfuko wa shati,
akitafuta kifutio.