Lita Moja kwa Siku

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Saa moja asubuhi Bishkek bado imelalia theluji ya jana.
Tunavua makoti, tunapanda mizani,
muuguzi Zhyldyz anasoma kilo tulizoongeza
kama karani wa pamba asiyemwamini mkulima.
"Umekunywa," ananiambia.
Sikatai. Ilikuwa supu.

Vitanda sita, mashine sita za kusafisha damu,
na runinga moja ukutani, ina ufa pembeni.
Sagynbek, aliyefuga farasi kule Naryn, anataka mieleka.
Galina anataka habari, apate cha kukasirikia.
Lakini rimoti iko kwa Burulcha, mshona mapazia,
na Burulcha hataki ila bahari.

Basi, bahari.
Sisi ambao tushike njia ipi hatuifikii,
tulioandikiwa lita moja kwa siku,
chai humohumo, supu humohumo,
hata tikiti maji huhesabiwa,
tunalazwa chali saa nne
kutazama maji yasiyo na ukingo.
Ni kama kumbandikia mfungaji picha ya pilau.

Na hakuna anayesema badilisha.

Msimulizi ni Mrusi aliyebandikwa juu ya msimulizi mwingine,
sauti ileile inayotangaza matairi.
Huchelewa: nyangumi anazama kwanza,
ndipo tunaambiwa atazama.
Dagaa laki nzima wanageuka kwa pamoja, nani kawaamrisha?
Konyeza anapita, hana mfupa, hana moyo, hana deni.
Galina amesahau kukasirika.
Mashine ya Sagynbek inalia, Zhyldyz anaunyoosha mrija,
mwenyewe hajabandua jicho kwa pweza
aliyekuwa jiwe, akawa mwani, akawa si kitu.
"Huyo," anasema, "nisingemuuza."

Siku moja walituonyesha papa.
Sauti ya matairi ikasema: papa huhifadhi urea damuni,
kwa makusudi, bahari isije ikamfyonza maji.
Kimya.
Shingo sita ziligeuka.
Urea! Neno letu hilo, la karatasi za maabara,
neno ambalo daktari hulitamka akitazama dirisha.
"Kumbe," akasema Burulcha,
"tulikosea mahali pa kuzaliwa tu."
Tulicheka mpaka mashine mbili zikapiga kelele,
Zhyldyz akaja mbio, akatukuta wazima,
tunapangusana machozi kwa mkono mmoja mmoja,
ule usio na sindano.

Kinachotuvuta sikijui sawasawa.
Uzuri? Uzuri upo hata kwenye kalenda ya benki.
Labda ni kwamba kule chini hakuna anayetuhurumia.
Samaki anakunywa chumvi kutwa,
anaitema kwa matamvua, anakwenda zake,
kazi ambayo mimi nafanyiwa na chuma kilichotoka Ujerumani.
Simwonei kijicho. Namtazama
kama unavyomtazama mtoto wa mwenzio akilala fofofo.

Mwezi wa tatu Burulcha alipata figo ya mdogo wake.
Alituletea picha kwa simu ya Zhyldyz:
glasi ya maji, imejaa hadi mdomoni,
juu ya kitambaa alichokidarizi.
Picha ya pili: glasi tupu.
Hakuandika neno.
Sagynbek akaishika rimoti siku ile, akaipima kiganjani,
akapita mieleka, akapita habari,
akanung'unika kwamba vitufe vimebanana,
na tukajikuta chini ya barafu, kwenye giza,
kitu kidogo kinawaka na kuzimika.

Usiku nalalia mkono wa kushoto,
pale walipounganisha mshipa na mshipa.
Damu inapita kwa kasi, inavuma.
Daktari amenifundisha niisikilize kila siku:
ikinyamaza, nikimbilie hospitali.
Nasikiliza.
Mdomo mkavu, sikio limejaa.