Baki

Gurudumu la vidonge lina vyumba ishirini na vinane,
wiki nne za Urho Pelkonen zilizokatwa kama keki.
Nimevihesabu kwa kidole: sifuri, moja, mbili,
hadi ishirini na saba, kisha sifuri tena.
Sisi waandika programu huanza na sifuri.
Muuguzi Saimi huanza na moja.
Tumeshagombana mara mbili.

Jana kengele ililia, Urho hakuisikia;
sikio lake la kushoto lilibaki kiwandani, kwenye misumeno ya mbao.
Leo gurudumu limefika sifuri
na Saimi anataka kidonge cha jana kitolewe.
"Lirudishe nyuma hatua moja tu."

Hatua moja tu!
Sifuri toa moja ni hasi moja.
Mashine ikakitafuta chumba hasi moja
ndani ya tumbo lake la plastiki,
ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza
kama mgeni aliyepewa anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Saa saba mchana, Kemijärvi, Januari.
Jua limeshachungulia, limeshaaga.
Nimekaa sakafuni jikoni, kompyuta mapajani,
soksi zimelowa theluji niliyoingia nayo.
Injini hii haijui kurudi; meno yake yameelekea upande mmoja.
Basi naandika:

ongeza ishirini na saba,
gawa kwa ishirini na nane,
jibu litupe, shika baki.

Shuleni tulifundishwa kuwa baki ni makombo,
kitu cha kuandikwa pembeni kwa herufi ndogo.
Lakini jibu linasema tu umezunguka mara ngapi,
na gurudumu halina kumbukumbu ya mizunguko.
Baki ndilo linalojua mlango.

Likaanza. Kifuniko kimefungwa, tik, tik,
Urho akilifuatisha kwa midomo, kwa Kifini,
likipita kesho, likipita keshokutwa,
likipita wiki nne ambazo hakuna aliyeziishi,
ili lifike jana.

Likasimama.
Kidonge cheupe, kizima, hakijaguswa.

Nilidhani Urho atasema neno.
Alikuna kidevu, akauliza
mzunguko wote huo unakula umeme kiasi gani.
Kidogo, nikamwambia. Kidogo sana.
Akaenda kuinjika kahawa.

Saimi akafungua daftari lake la jalada la buluu,
akaandika tarehe, akaandika saa,
akaandika: kimetolewa chumba cha ishirini na nane.

Sikumsahihisha.