Moshi Usio na Moto

Taa ya njano iliwaka Jumanne,
nikaifunika kwa kipande cha plasta.
Wiki tatu nikazunguka Fresno hivyo,
jua la kukaangia yai juu ya boneti,
na kila asubuhi bandani
harufu ya petroli, mgeni asiyebisha hodi.

Hrachya hakunicheka. Aliibandua plasta,
akakaza mfuniko wa tangi: tki, tki, tki.
"Siyo huu."
Akaleta mashine yake, akaulisha mfumo mzima
moshi mweupe wa mafuta ya watoto,
yale yale mkewe anayompaka mjukuu.

Wasemao pafukapo moshi pana moto
hawajalala chali chini ya Buick ya mwaka tisini na nane.
Tulilala. Tochi moja, kimya.
Moshi ukapita mpirani, ukazunguka mkebe wa mkaa,
ukachelewa.
Kisha juu ya tangi, pembeni mwa kiungo,
uzi,
ukapanda bila haraka, kama anayeijua njia.

Tundu lenyewe sindano isingepenya.
"Inapumulia hapa," akasema. "Umeegesha,
umelala, nayo inapungua."

Nikamkumbuka baba kule Modesto,
simu yake ya kila Jumapili:
mzima, mwanangu, mzima,
sauti ikizidi kuwa nyepesi,
nami juu yake nimebandika plasta.

Hrachya aliukata mpira mkongwe, akanirushia.
Dola arobaini na moja.
Taa ilichukua siku nne kuzimika.
Sikuingoja Jumapili.